Medali za babu aliyekuwa Keya: namna ya kujua thamani yake

Familia nyingi za Tanzania, Kenya, Uganda na Malawi bado zina kikopo au kitambaa kilichofungiwa medali za mzee aliyepigana Vita Kuu ya Pili akiwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza lililoajiri Waafrika wa huku kwetu. Mzee akishazikwa, watu wanajadili shamba na ng'ombe, medali zinachezewa na watoto, mwisho zinauzwa kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Inaniuma sana, ndiyo maana ya somo hili.

Kwanza, usisugue

Hakuna limao, majivu wala Brasso. Ule weusi wa uzee ndio mnunuzi anaoutafuta, maana chuma kilichong'arishwa hufutika maandishi na sura. Utepe nao uache kwenye medali yake hata kama umechakaa. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, basi.

Pili, tambua ulichonacho

Nyota za shaba nyeusi zenye ncha sita zinafanana zote, kwa hiyo soma maandishi yanayozunguka taji katikati. The Africa Star ilitolewa kwa waliopigana Uhabeshi na Somalia hadi 1941, na kwa waliokuwa Afrika Kaskazini. Utepe wake una rangi ya mchanga wa jangwani, na katikati mstari mpana mwekundu. The Burma Star ina utepe wa buluu iliyokolea, nyekundu katikati, na michirizi miwili ya rangi ya chungwa. Wengi wa askari wetu waliipata kupitia Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye beji ya kichwa cha kifaru, iliyoshuka Bonde la Kabaw kwenye mvua na matope ya 1944 mpaka kuvuka mto Chindwin pale Kalewa mwezi Desemba.

Medali za mviringo zenye kichwa cha Mfalme George wa Sita, zigeuze. Ukiona simba amesimama juu ya joka, hiyo ni War Medal. Ukiona simba wawili na mti mchanga, ni Defence Medal. Kwa askari wa Burma, hizo mbili pamoja na The 1939–45 Star na The Burma Star ndizo seti ya kawaida.

Tatu, soma ukingo

Hapa ndipo watu wengi hupitwa. Shika medali ya mviringo, izungushe taratibu karibu na dirisha, utazame ule upande mwembamba. War Medal na Defence Medal za Keya zilitolewa bila jina. Lakini ukiona namba ya jeshi, cheo, jina na kikosi vimepigwa kwenye ukingo, una kitu kingine. Inaweza kuwa ya Vita Kuu ya Kwanza, au medali ya fedha yenye kipande cha chuma kwenye utepe kilichoandikwa Kenya, ya miaka ya Hali ya Hatari, wakati wa Mau Mau. Na kama nyuma imeandikwa For Bravery in the Field, hiyo ni Military Medal, nishani ya ushujaa. Usimpe mtu yeyote "akakuangalizie".

Nne, tafuta karatasi

Kwa maoni yangu hatua hii inazidi zote. Medali isiyo na jina haiwezi kusema ilikuwa ya nani, karatasi ndiyo inayosema. Pekua sanduku la bibi utafute cheti cha kuachishwa jeshi, kitabu cha mshahara, barua, picha ya mzee akiwa na kofia ya Keya. Namba ya jeshi ikipatikana, iandike mahali pawili. Kisha waulize wazee waliobaki alipigana wapi na alirudi mwaka gani, na uwarekodi kwa simu. Kwa nishani ya ushujaa, mapendekezo ya makamanda yamehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza (The National Archives), Kew, London, kwenye mafaili ya WO 373.

Bei

War Medal moja peke yake, bila karatasi, haizidi sana bei ya chakula cha mchana London, kwa sababu zilitengenezwa kwa mamilioni. Burma Star hupanda kidogo. Military Medal ya askari wa Keya yenye vyeti vyake hufika mamia ya paundi, na zaidi. Linganisha na bei zilizokwisha kulipwa mnadani, siyo zile wauzaji wanazotamani mtandaoni.

Maswali ya wanachama

*Songea: Shikamoo mwalimu. Nyota ya babu imechongwa jina lake kwa nyuma. Bei inaongezeka?*

Marahaba. Nyota za Keya zilitoka bila jina, kwa hiyo hilo lilichongwa baadaye, pengine na sonara. Mkusanyaji hatalipa zaidi. Ila kwenu ni kumbukumbu ya babu mwenyewe, msilifute.

*Machakos: Babu alizama na meli akielekea Asia, hatuna medali hata moja. Tuanzie wapi?*

Poleni sana. Kama ilikuwa Februari 1944, huenda ni Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa na kuzamishwa tarehe 12 ikiwa na kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tafuteni jina bure kwenye tovuti ya Commonwealth War Graves Commission, kisha mkalione kwenye ukumbusho ulio katika makaburi ya vita Nairobi. Jaribuni tahajia mbalimbali, makarani waliandika walivyosikia.

*Mbeya: Kuna na bunduki ya zamani darini, ya .303. Nayo ina thamani?*

Ndugu yangu, usiiguse na usiibebe. Kuwa na silaha bila kibali ni kosa hata kama imeshika kutu, na inaweza kuwa na risasi ndani. Nenda polisi na mwenyekiti wa mtaa, waje waichukue wenyewe.

*Kisumu: Tuko watano, kila mmoja anataka yake. Tugawane?*

Hapana. Seti ikivunjwa, bei inashuka na ushahidi unapotea. Mmoja azitunze zote pamoja na vyeti, wengine mpate picha nzuri za pande zote mbili, na muandikishane majina matano mkubaliane kwamba haziuzwi bila sahihi zote.