SOMO: Kuotesha switi pii kwa mbegu (soma yote ndo uulize)

Wakuu nimechoka kujibu kitu kilekile inboksi, naandika mara moja hapa. Nipo Mafinga, huu msimu wa nne nahangaika na haya maua.

Ni ndugu wa njegere ila SIO njegere. Ni ua la harufu, asili yake Sisili kule Italia, na mbegu zake zina sumu, haziliwi.

1. Panda mwisho wa Machi au Aprili, mvua zinaelekea kuisha. Linapenda hii baridi yetu ya sweta mbili, joto la Oktoba linalimaliza.

2. Chimba futi moja, changanya samadi iliyooza. Ukizidisha ya kuku utavuna majani.

3. Mbegu. Hapa ndo nililia. Ganda lake gumu, maji hayaingii kirahisi, basi mwaka wa kwanza nikaziloweka kwenye kikombe nikaitwa msibani Njombe, narudi siku ya tatu maji yana povu na yananuka, mbegu zimelegea kama maharage yaliyochacha, nikapanda hivyohivyo kwa ubishi. Mbegu thelathini, ikaota moja. Sasa nafanya hivi: nachukua kikata kucha, natafuta kile kidoa kama jicho la haragwe, nageuza upande WA PILI, nabandua ganda kidogo mpaka weupe uonekane. Ukikata kwenye jicho umeua kiini. Baada ya hapo loweka usiku mmoja tu, asubuhi zilizovimba zinaenda shambani, ambazo bado unazikwangua tena. USIKU MMOJA jamani.

4. Kina sentimita 2 hadi 3, nafasi shubiri moja.

5. Mche ukifikisha jozi tatu za majani kata kichwa, utatoa matawi.

6. Simika mianzi ya mita 2, funga kamba.

MASWALI

Mdau wa Uyole: Zangu mbona hazioti?
– Ulipanda lini?
– Jumapili.
– Leo Jumatano mkuu. Subiri hata wiki mbili tatu, na uache kuzifukua.

Mdau wa Makambako: Zikikomaa zinaungwa na nazi?
– Rudi juu usome.
– Si nimeuliza tu, hasira za nini
– Sina hasira, sitaki uende hospitali.

Mama wa Tukuyu: Habari kaka, yangu yalichanua vizuri sana halafu yakagoma ghafla, nimekosea wapi?
– Nzuri mama, swali zuri hilo. Angalia kama kuna viganda vya mbegu, kama vya njegere, vinaning'inia. Mmea shida yake ni mbegu, ukishapata viganda unaona kazi imeisha, maua ya nini tena. Vitoe vyote, halafu kata maua kila baada ya siku mbili, weka mezani, gawia majirani. Ukikata sana ndo linazidi kutoa. Na kwa mvua za huko Tukuyu inua tuta, mizizi isikae majini.
– Asante, viganda vipo kibao, nilikuwa naviringia!

Mdau wa Iringa: Panya wanafukua mbegu zote. Mimi naotesha ndani kwenye yale maboksi ya katikati ya toilet pepa, nahamisha na boksi lake, mzizi hausumbuliwi.
– Hii safi, naiba. Konokono je?
– Majivu, ila mvua ikinyesha unarudia.

Mdau wa Makambako: Mianzi tunapata wapi?
– Wewe mtu wa Makambako unaniuliza mimi mianzi? Ulanzi mnagema kwenye nini?