Kumpima Mgombea Urais wa Kenya Kabla ya Agosti 2027

Katiba ya 2010 inaweka kiwango cha chini tu: mgombea awe raia wa kuzaliwa, na aungwe mkono na wapigakura wasiopungua 2,000 katika kila kaunti, kwa kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Kazi iliyobaki ni yako.

Anza na pesa. Kama aliwahi kuwa gavana, fungua ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu kaunti yake. Tafuta maoni ya mkaguzi: hesabu safi, zenye kasoro, zisizoaminika, au amekataa kutoa maoni kwa kukosa stakabadhi. Usiishie hapo. Hesabu safi huonyesha vitabu vimeandikwa sawasawa, si kwamba zahanati ina dawa. Shuka hadi kwenye madeni ya wakandarasi na miradi iliyokwama, kisha linganisha miaka mitatu. Hoja ileile ikijirudia, huyo alionywa asisikie, na hilo ni zito kuliko kosa lenyewe.

Alikuwa mbunge au seneta? Soma Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge; iko bure kwenye tovuti ya Bunge. Wingi wa maneno usikudanganye. Angalia marekebisho ya miswada aliyopendekeza.

Kesi zake zitafute Kenya Law, tovuti ya maamuzi ya mahakama, ukitenganisha tuhuma na hukumu.

Mgombea mwenza mpime vivyo hivyo, ingawa wengi humsahau. Rais akifariki au akijiuzulu, Naibu Rais humalizia muhula bila wewe kurudi kituoni.