Kuonja Rapsani ya miaka tofauti

Ukipata chupa za Rapsani za mavuno ya miaka tofauti, usizipime kwa rangi. Divai hii nyekundu ya Ugiriki, kutoka miteremko ya mlima Olympus, huchanganya zabibu za Xinomavro, Krasato na Stavroto, na Xinomavro hupauka mapema: inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe, utaona ukingo una wekundu wa tofali hata kama divai bado changa. Sikilizia ukakasi kwenye fizi. Changa hukausha mdomo. Iliyokomaa huwa laini, hunukia nyanya zilizokaushwa juani, ila uchachu haupotei. Ukipotea, mimi huitilia shaka chupa hiyo. Anza na changa, na ile ya zamani isimamishe tangu jana yake mashapo yatulie.