Somo: Mgonjwa wa kiharusi karudi nyumbani, tuanzie wapi?

Habari za jioni wapendwa. Juzi kuna dada wa Kibaigwa aliuliza hapa: baba yake karuhusiwa, upande wa kulia umepooza, wamepewa mfuko wa dawa na tarehe ya kliniki, basi. Nilianza kumjibu nikaona maelezo yanakuwa marefu, bora niyaweke kama somo. Mimi si daktari. Nauza karanga sokoni Majengo, na huu ni mwaka wa tatu namuuguza mama yangu nyumbani, mtaa wa Nkuhungu, hapa Dodoma. Mengine nilifundishwa na wataalamu wa mazoezi tiba, mengine nilijifunza baada ya kuharibu.

Kwa anayesoma huku mgonjwa ndiyo kwanza kaanguka, mdomo umekwenda upande, mkono haunyanyuki, maneno hayaeleweki: acha kusoma. Angalia saa, mkimbize hospitali. Usimpe kitu mdomoni, si maji, si aspirini, si kidonge cha presha cha jirani. Mshipa wa ubongo huwa umeziba au umepasuka, na bila kipimo cha CT (mashine inayopiga picha ya ndani ya kichwa) hakuna anayeweza kujua kwa macho. Aspirini kwa aliyepasuka mshipa inazidisha damu kuvuja. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Kwa Dodoma mjini kipimo cha CT kipo Hospitali ya Benjamin Mkapa.

Sasa turudi kwa aliyeruhusiwa.

Hatua ya 1: Kabla hamjatoka wodini

Uliza mshipa wake uliziba au ulipasuka, na waandike. Uliza kama wamempima kumeza. Halafu omba wakuonyeshe namna ya kumgeuza na kumtoa kitandani, wewe ufanye mbele yao. Wakikubali, rekodi kwa simu. Mimi niliitikia tu "ndiyo, ndiyo", nilipofika nyumbani sikukumbuka hata nianze na mguu upi.

Hatua ya 2: Chakula

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wagonjwa wengine hawaondolewi na kiharusi chenyewe bali na nimonia, inayoingia pale chakula au mate yanapopita njia ya hewa. Koo nalo hupooza.

Mketishe wima kabisa, kidevu kiinamie kifua kidogo. Kijiko cha chai, siyo cha kulia wali. Subiri ameze, mwangalie koo, ndipo umpe kingine. Kinachowapalia zaidi ni maji matupu na chai, kwa kuwa vinakimbia. Uji mzito wa uwele ulikuwa rahisi kwa mama kuliko glasi ya maji. Mlenda nilidhani utamfaa kwa ulaini wake, kumbe uliteleza kabla hajajipanga, akapaliwa mpaka macho yakatoka machozi. Muulize mtaalamu kwanza.

Akimaliza, pitisha kidole chenye kitambaa ndani ya shavu la upande uliopooza, chakula hujificha pale. Msafishe meno. Abaki ameketi nusu saa. Akikohoa kila anapokula, sauti ikawa kama ana maji kooni, au akapata homa, usingoje tarehe ya kliniki.

Hatua ya 3: Kumgeuza

Kila baada ya saa 2, usiku pia. Gawaneni zamu, msimwachie mtu mmoja, hasa yule binti ambaye hajaolewa (mnajielewa). Vitabu vinasema tazama wekundu kwenye ngozi. Kwa ngozi zetu wekundu hauonekani. Gusa kiunoni, nyongani na visigino: pakiwa na joto, pamekuwa pagumu au peusi kuliko pembeni, kidonda kinaanza. Usipasugue. Ondoa uzito pale.

Hatua ya 4: Bega

Usimvute mkono uliopooza. Kaka yangu alimvuta mama kumwingiza kwenye bajaji, bega likateguka, miezi miwili tukawa hatuna mazoezi, ni kilio tu. Misuli inayoshika bega imelegea, kwa hiyo mkono unaning'inia kwa uzito wake. Mfunge kitenge kiunoni kama mkanda, umnyanyue kwa hicho. Kiti kiwe upande wake wenye nguvu. Akiketi, mkono ulale juu ya mto. Kumvisha, anza na mkono uliopooza. Kumvua, umalizie nao.

Hatua ya 5: Mazoezi

Miezi 3 ya kwanza ndiyo mabadiliko huwa ya haraka, lakini hayaishii hapo. Mama alishika kikombe mwezi wa nane tangu kiharusi. Ubongo hujifunza upya kwa kurudiarudia, tena kitu chenye maana kwa mtu. Mpira wa kuminya tulionunua aliutupa chini ya kitanda. Nilipomwekea karanga za kubangua, mkono dhaifu ukishika na mzima ukisaidia, alikaa saa nzima! Kuinuka kwenye kiti na kuketi mara 10, asubuhi na jioni, mtu akiwa pembeni, ni zoezi lisilo na gharama.

Hatua ya 6: Presha

Aliyepata kiharusi yuko karibu na kingine. Dawa ya presha ni ya kila siku hata akijisikia mzima, na haiachwi kwa sababu "presha imeshuka". Imeshuka kwa sababu ya dawa. Mpime akiwa ametulia dakika 5, kwenye mkono usiopooza, uandike kwenye daftari. Wengi huambiwa iwe chini ya 140/90, wengine 130/80. Fuata uliyoambiwa wewe. Chumvi ya siku nzima isifike kijiko kimoja cha chai. Na magadi ya kwenye mlenda, ndugu zangu, nayo ni sodiamu. Tulimnyima mama chumvi huku tukimimina magadi.

MASWALI

*Mwanachama, Mpwapwa: Shikamoo dada. Baba anacheka hovyo, juzi kacheka msibani, watu wamenuna.*

Marahaba mdogo wangu. Huo ni ugonjwa, siyo utovu wa adabu. Kiharusi hugusa sehemu inayozuia kicheko na kilio. Mgeuzie mazungumzo, kitapita. Waeleze wazee wa msibani mapema. Ila akiwa na huzuni ya siku zote, hataki kula, hataki mazoezi, mwambie daktari. Sonona ni ya kawaida sana baada ya kiharusi na ina dawa.

*Mwanachama, Manyoni: Mashangazi wanasema ni upepo mbaya, achanjwe chale na akandwe maji ya moto.*

Usigombane nao, watu wazima wana hofu yao. Maombi na yaendelee. Chale hapana: kama daktari kampa aspirini damu haitakata upesi, na wembe una mambo yake. Kukanda kuna hatari yake, upande uliokufa ganzi hausikii moto, ataungua akiwa kimya. Shangazi akitaka kushika kitu, mpe mafuta amchue mguu taratibu, au amwoshe kwa maji vuguvugu uliyoyapima kwa kiwiko chako.

*Mwanachama, Bahi: Mama anatuelewa ila hasemi. Tunampazia sauti lakini wapi.*

Hajawa kiziwi, mpumzisheni masikio. Muulize ya ndiyo na hapana, mwonyeshe vitu viwili achague, umpe muda. Ongea naye lugha aliyoizoea. Wa kwangu Kigogo kilirudi kabla ya Kiswahili. Manesi walidhani anaweweseka, kumbe anaomba shuka. Mjaribu pia kuimba naye nyimbo za kwaya, maneno huwa yanatoka humo hata pale ambapo mazungumzo yamegoma.

*Mwanachama, Kongwa: Mashine ya presha ninunue ya kifundo cha mkono au ya juu?*

Ya juu ya kiwiko. Siku ya kliniki nenda nayo, mpimwe na yao kisha na yako, uone kama zinakubaliana.