Kujiandaa Kustaafu: Kuiachia Kazi na Kuyalinda Mafao, Nyumba na Familia

Watumishi wengi wa umma nchini Tanzania wanaruhusiwa kustaafu kwa hiari wakiwa na miaka 55, na wakifikisha 60 hustaafu kwa lazima. Tarehe hiyo hujulikana tangu siku ya kuajiriwa, lakini wengi huifikia wakiwa bado hawajakubali kuvua cheo. Mstaafu anayetaka kuendelea kuonekana bosi hununua gari asilolihitaji, hufungua biashara asiyoijua na huona aibu kumkatalia ndugu anayeomba, na kwa maoni yangu hapo ndipo mafao mengi yanapoishia. Kwa hiyo ulinzi wa mali huanzia ofisini.

Miezi sita kabla ya kuondoka, anza kuandika taarifa ya makabidhiano inayotaja majalada, funguo, vifaa, madeni na kazi ambazo hazijakamilika. Wewe na anayepokea mtie saini, nawe ubaki na nakala, kwa sababu hoja ya mkaguzi inaweza kuibuka ukiwa umeshaondoka. Mfundishe mrithi wako kwa moyo mmoja, kisha umwache afanye kazi kwa namna yake. Akikupigia simu kuomba ushauri, mpe. Lakini usipite ofisini kukagua kama utaratibu wako bado unafuatwa. Jambo hili huwauma sana walimu, na uchungu wao ni wa haki, maana shule huwa imebeba nguvu za ujana wao wote. Ujuzi huo bado unahitajika mtaani: kuna watoto wa kusaidiwa masomo jioni, na kuna kamati za msikiti, kanisa au kijiji zinazokosa mtu wa kuandika muhtasari unaoeleweka.

Upande wa mafao, hakiki michango yako mapema. PSSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, ilianzishwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF, hivyo aliyeajiriwa kabla ya hapo ahakikishe kwamba miaka yake katika mfuko wa zamani imo yote kwenye kumbukumbu. Majina na tarehe ya kuzaliwa vifanane katika vyeti, barua ya ajira na kitambulisho cha taifa. Herufi moja iliyokosewa inaweza kuchelewesha malipo. Mikopo nayo imalizike mshahara ukiwa bado unaingia.

Panga matumizi ya nyumbani kwa kutegemea pensheni ya kila mwezi, wala usiuhesabu humo mkupuo, yaani fedha za mafao zinazolipwa kwa mara moja. Mkupuo ukishaingia, uache benki kwa miezi kadhaa, hata kama kila anayekutembelea ana wazo la mradi. Baadaye unaweza kununua hati fungani za Serikali, yaani kuikopesha Serikali fedha ikakulipa riba kila baada ya miezi sita, au vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS. Biashara inayofaa ni ile uliyoianza ukiwa kazini na ukaona faida na hasara zake. Fuatilia pia bima ya afya yako na ya mwenza wako.

Nyumba mnayoishi isiwekwe rehani kwa ajili ya mradi wa mtu yeyote, akiwemo mtoto wako mpendwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Itumieni kama kinga pale ndugu wanapowashinikiza.

Mwisho, andika wosia ungali na afya. Kwa sheria ya kimila, anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja ndugu na mwingine asiye ndugu, na ni vyema shahidi asiwe mrithi. Mwislamu akumbuke kwamba wosia wake hauvuki theluthi moja ya mali. Wosia unaweza kuhifadhiwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Mwenza wako na mtoto mmoja mnayemwamini wajue mahali stakabadhi yake ilipo, pamoja na hati ya nyumba na kadi ya benki.