Pembetatu zinazolingana: chora kenchi, kisha thibitisha

Kenchi inayopigiliwa chini kabla ya kupandishwa ukutani, kama unavyoona kwenye ujenzi Pasua au Kiboriloni mjini Moshi, ina pembetatu mbili zinazotosha kwa somo hili lote. Andaa rula, bikari, kipimapembe, karatasi ya manila na mkasi.

Hatua ya 1: Chora. Tuchukue kenchi yenye mbao ya chini ya mita 6 na mbao mbili za mwinamo, kila moja mita 3.35. Sentimita 1 iwe nusu mita. Piga mstari BC wa sentimita 12 na utie alama M katikati. Fungua bikari sentimita 6.7, piga tao kutoka B, kisha kutoka C bila kugusa bikari. Matao yanapokatana ni A. Unganisha AB, AC na AM.

Hatua ya 2: Tenganisha maneno. Maumbo *yanalingana* yakiwa na sura ileile na ukubwa uleule: moja hulifunika jingine kabisa, hata kama itabidi uligeuze. Yakiwa na sura moja tu, *yanafanana*. Mchoro wako unafanana na kenchi ya fundi, ila haulingani nayo. Mtaani "kufanana" hubeba maana zote mbili, na hapo ndipo wengi wa kidato cha pili hujikwaa. *Sawa* ibaki kwa vipimo: urefu ni sawa, nyuzi ni sawa, pembetatu zinalingana.

Mpangilio wa herufi nao ni sehemu ya madai. Ukisema ABM inalingana na ACM, umesema B inakwenda na C. Ukiandika CAM badala yake, umedai BM ni sawa na AM, yaani sentimita 6 ni sawa na takriban 3.

Hatua ya 3: Thibitisha. Unaweza kukata ABM kwa mkasi na kuilaza juu ya ACM. Itakaa, lakini umeonyesha karatasi moja tu. Uthibitisho hutaja sababu kwa kila mstari:

Tumepewa: AB = AC; M ni katikati ya BC.
Tunatafuta: AM ni wima juu ya BC.

BM = CM, kwa kuwa M ni katikati.
AM = AM, upande wa pamoja.
AB = AC, tumepewa.
Pande tatu kwa pande tatu: ABM inalingana na ACM.
Kwa hiyo pembe AMB = pembe AMC. Jumla yake ni nyuzi 180 kwa sababu BMC ni mstari mnyoofu, basi kila moja ni 90.

Kosa la kawaida ni kuandika "AM ni wima" kwenye tulivyopewa kwa sababu mchoro unaonekana hivyo. Hapo umekopa jibu. Fundi naye anafaidika: akipima urefu vizuri kwa futi, nguzo ya kati inanyooka bila skwea.

Hatua ya 4: Pande mbili na pembe. Pembe ikiwa *katikati* ya pande hizo mbili, kipimo hiki kinatosha kuonyesha kwamba pembetatu zinalingana. (Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alijaribu kukithibitisha kwa kuhamisha pembetatu moja juu ya nyingine; mwanahisabati Mjerumani David Hilbert, 1899, alikiingiza kwenye misingi inayokubaliwa bila kuthibitishwa.) Pembe ikiwa pembeni, jihadhari. Jionee mwenyewe: chora pembe ya nyuzi 30 kwenye P, pima PQ sentimita 8 kwenye mkono mmoja, weka sindano ya bikari Q na ufungue sentimita 5. Tao linakata mkono wa pili mara mbili, takriban sentimita 3.9 na 9.9 kutoka P. Vipimo vilevile, pembetatu mbili zisizolingana.

Sababu ni kwamba kutoka Q hadi mkono wa pili, njia fupi kuliko zote ni sentimita 4. Bikari ikiwa chini ya 4, tao halifiki. Ikiwa 4 kamili, linagusa mara moja na kufanya pembe mraba. Kati ya 4 na 8 ndiko kwenye mtego; kuanzia 8 kwenda juu, pembetatu inabaki moja tena.