Matairi, Mzigo na Theluji: Mwongozo kwa Waganda Wanaoendesha Magari Ughaibuni

Aliyejifunzia kuendesha gari Kampala amekwisha kuzoea hatari nyingi: mashimo, bodaboda zinazopita pande zote mbili kwa pamoja, malori yanayotoka Malaba yakiwa yamelemewa, na mvua ya kwanza inayogeuza vumbi kuwa utelezi. Jambo moja hakufundishwa, kwa kuwa halikuhitajika: namna baridi inavyolibadilisha tairi. Kwetu theluji iko vileleni mwa Rwenzori, na hata Kabale, mji unaosifika kwa baridi, hakuna abadilishaye matairi kwa sababu ya majira. Kwa hiyo Mganda anayehamia Toronto, Stockholm, Munich au Waltham kule Massachusetts, hata awe dereva hodari kiasi gani, anapaswa kujifunza upya sehemu hii ya kazi, na ni heri ajifunze mwezi wa Septemba kuliko siku theluji inapoanguka.

Mpira wa tairi la kiangazi hukakamaa halijoto inaposhuka kufikia nyuzi 7 hivi za Selsiasi. Ukikakamaa, haushiki lami vizuri, na gari huchukua nafasi ndefu zaidi kusimama hata kama barabara ni kavu na hakuna barafu yoyote. Wenzetu wengi hukosea hapa, kwa kudhani kwamba tairi la baridi ni la theluji tu, na kwamba anayeishi mjini, ambako barabara husafishwa na kumwagiwa chumvi, halihitaji. Tairi la baridi limetengenezwa kwa mpira unaobaki laini kwenye baridi, na uso wake una mikato mingi midogo inayouma theluji. Utalitambua kwa alama iliyo ubavuni: mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji. Herufi M+S peke yake hazitoshi kukuhakikishia, kwa sababu huwekwa kwa kuzingatia umbo la mikato, bila tairi kulazimika kufanyiwa majaribio kwenye theluji.

Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, na kutojua si utetezi mbele ya polisi. Katika jimbo la Quebec nchini Kanada, gari lililosajiliwa huko lazima liwe na matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 15 Machi. Ujerumani haina tarehe maalumu: barabara ikiwa na barafu au theluji, matairi ya baridi ni lazima, na tangu Oktoba 2024 ni yale tu yenye alama ya mlima na chembe ya theluji yanayokubalika. Anayekamatwa bila hayo hutozwa faini ya euro 60 na kuandikiwa pointi moja ya adhabu. Uswidi huyataka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 31 Machi pale hali ya barabara inapokuwa ya baridi kali, na kina cha mifereji ya uso wake kisipungue milimita 3. Uingereza hailazimishi matairi ya baridi, ila kina cha chini kabisa ni milimita 1.6, na tairi moja lililo chini ya hapo linaweza kukuletea faini ya hadi pauni 2,500 pamoja na pointi tatu kwenye leseni. Matairi manne yenye vipara ni makosa manne.

Binafsi siamini milimita 1.6 inatosha popote penye theluji. Tairi la baridi likifika milimita 4, anza kutafuta jingine. Tena nunua manne. Najua bei yake inauma, hasa kwa aliyefika karibuni na bado anatuma karo nyumbani, na kwamba fundi fulani atakuambia mawili ya mbele yanatosha kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele. Usimsikilize. Mbele itashika na nyuma itateleza, na ukikanyaga breki kwenye kona gari linaweza kuzunguka nyuma ikatangulia. Kwa sababu hiyo hiyo, hata katika kiangazi, ukinunua matairi mapya mawili tu, yafungwe nyuma. Ukinunua yaliyotumika, tazama ubavuni mwa tairi tarakimu nne za mwisho zinazofuata maandishi DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililozeeka hupasuka hata kama mifereji yake bado ni mirefu.

Upepo wa matairi nao hupungua baridi inapoingia, bila pancha yoyote. Kwa kila nyuzi tano au sita za Selsiasi zinazoshuka, tairi hupoteza psi moja hivi (psi ni kipimo cha upepo wa tairi). Ukijaza psi 32 siku yenye nyuzi 20, kisha asubuhi moja ya Desemba iwe nyuzi 8 chini ya sifuri, utakuta takriban psi 27. Pima angalau mara moja kwa mwezi, gari likiwa limesimama saa tatu au zaidi, maana tairi lililotoka safarini lina moto na litakudanganya. Vituo vingi vya Ulaya hupima kwa bar. Psi 32 ni sawa na bar 2.2. Kipimo sahihi si kile kikubwa kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, kwani hicho ni ukomo wake. Kipimo cha gari lako kiko kwenye kibandiko ndani ya fremu ya mlango wa dereva, au nyuma ya kifuniko cha tangi la mafuta.

Kibandiko hicho kinatuingiza kwenye suala la mzigo, ambalo kwetu huchukuliwa kuwa la malori tu. Sote tumeona foleni ya malori kwenye mizani za Lukaya na Mbarara, lakini gari dogo nalo lina ukomo wake. Marekani kibandiko hutaja moja kwa moja uzito ambao watu na mizigo kwa pamoja hawapaswi kuuzidi. Chukua gari lililoandikwa ratili 850, ambazo ni kama kilo 385. Watu wazima watano wenye kilo 75 kila mmoja wanafikisha kilo 375. Zimebaki kilo kumi tu, na bado hamjapakia sufuria za matooke, makreti ya soda na masanduku ya nguo za kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba, inayofanyika jimbo la jirani. Hivyo ndivyo familia nyingi husafiri, nami nawasihi wagawane magari mawili. Tairi lililolemewa hujikunja kupita kiasi kila linapozunguka, hupata moto ndani, na nyuzi zake za ndani huachana, hasa likiwa na upepo mdogo.

Tairi lenyewe pia hutaja uwezo wake. Katika maandishi 205/55 R16 91V, namba 91 ni ya mzigo, na maana yake ni kilo 615 kwa tairi moja. V ni ukomo wa mwendo, kilomita 240 kwa saa. Unapobadilisha tairi, usikubali lenye namba ya mzigo iliyo chini ya ile iliyotajwa na mtengenezaji wa gari, hata kama muuzaji anakupunguzia bei. Carrier ya juu nayo ina kikomo chake, ambacho mara nyingi ni kidogo kuliko watu wanavyofikiri. Kisome kwenye kitabu cha gari. Wanaokodi magari ya mizigo kupeleka mapipa kwenye kontena la Mombasa wakumbuke kwamba Uingereza na katika nchi za Umoja wa Ulaya, leseni ya kawaida ya gari dogo kwa jumla huishia gari lenye uzito wa juu kabisa wa kilo 3,500, mzigo ukiwa ndani.

Kabla ya baridi, betri ipimwe, kwa kuwa baridi huinyong'onyesha. Maji ya rejeta na ya kuoshea kioo yawe na dawa ya kuzuia kuganda. Ndani ya buti weka blanketi, tochi, koleo fupi, burashi ya theluji na waya za kuchajia betri. Ukikwama kwenye theluji na injini inaunguruma, hakikisha kwanza ekzosi haikuzibwa, kwani moshi wake unaoingia ndani una gesi isiyo na harufu inayoweza kuua bila kukuonya.

Ukiwa barabarani, ongeza nafasi kati yako na gari la mbele mara kadhaa kuliko ulivyozoea, na fanya kila jambo polepole: kukanyaga mafuta, breki na kukata kona. Madaraja huganda kabla ya barabara nyingine, kwa sababu upepo baridi huyapitia juu na chini. Gari lenye kuvuta magurudumu yote manne huondoka vizuri kwenye theluji, lakini halisimami upesi kuliko jingine.

Nimalizie na wanaonunua magari ya kupeleka nyumbani. Magari yanayotoka sehemu za baridi za Japani mara nyingi hufika yakiwa na matairi ya theluji, na mnunuzi hufurahia kuona mifereji mirefu. Mpira ule laini, ukikutana na lami yenye joto ya barabara ya Kampala–Gulu, huisha upesi na hulainika mno unapofunga breki ghafla. Muulize muuzaji ni matairi ya aina gani kabla hujalipa, omba picha ya ubavu wake, na kama ile alama ya mlima ipo, tenga fedha za matairi manne mengine ili yafungwe kabla ndugu yako hajaanza kulitumia.